Mnyororo Mfupi wa Papa Lambert

Papa Lambert, jirani yetu wa uani hapa Rosettenville, alikuwa na mashua ya bati ya kijani yenye mashine ndogo nyuma. Jumapili alikuwa anapakia watu kwenye bwawa la migodi ya zamani, upande wa Turffontein, anawapitisha polepole katika mfereji uliochimbwa enzi za dhahabu mpaka kwenye daraja la mawe, kisha anageuza. Mimi na mwanangu Sagesse alitubeba bure. Nikimwambia aongeze mwendo, anasema, "Mama Sagesse, huku hakuna taksi ya kutupigia honi."

Mashua hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Akimaliza kazi aliifunga kwenye pete ya chuma ukutani mwa mfereji. Mwanzoni alitumia kamba ndefu, kwa sababu maji yakipanda, mashua nayo lazima ipande. Halafu wezi wakakata kamba, tukaikuta mashua kwenye matete, mashine hakuna. Alipopata mashine nyingine akanunua mnyororo, akaufupisha mpaka mashua ikabana ukutani, akatia kufuli.

Mke wake Agnès akamwambia, "Umeifunga kama mbuzi wa kuchinjwa. Mvua ikija?"

"Eish, Agnès. Mvua haiibi."

Tulicheka.

Mvua ya mawe ilikuja mchana mmoja wa katikati ya wiki, tukiwa kanisani. Papa Lambert alitoka katikati ya maombi. Agnès akamfuata, na mimi nyuma yao, mtoto mgongoni chini ya kitenge.

Maji ya barabara zote yalikuwa yanaingia mferejini. Mashua ilitaka kupanda, mnyororo ukaishika pua, maji yakaanza kuingia kwa mbele. Pete na kufuli vilikuwa vimeshafunikwa. Papa Lambert akaingia majini mpaka kifuani, anapapasa na ufunguo.

"Toka, papa," Agnès alisema, sauti ya chini. "Mimi sina mwingine."

Hakugeuka. Kufuli likafunguka, nililiona mkononi mwake. Lakini mashua ilikuwa imejaa. Ikalala ubavu, ikazama taratibu mbele yake. Alibaki amesimama pale, maji yanamsukuma, mpaka Agnès alipoingia akamvuta kwa kola.

Siku hizi analinda magari nje ya duka la nyama. Wateja wa Jumapili bado wanampigia simu. Anawajibu kwa upole, "Leo haipo." Hajamwambia hata mmoja wao kwamba imezama. Agnès akisikia hivyo, anatoka nje.