Upepo Nane wa Boke

Mafundi wote wa Nkende, ungezikusanya akili zao kwenye sufuria moja, zisingejaza kijiko. Hivyo ndivyo alivyoamini Boke Werema, na hakumficha mtu. "Upepo ni upepo," walisema, meno nje. Mbumbumbu wakubwa! Tairi linakula upepo wa thelathini na tano kwenye geji, sawa. Lakini kikopo cha kufungulia hewa ya injini kina mpira ndani mwembamba kama ganda la kitunguu, ukipita nane kidogo tu umekiua. Wao walishapasua vitatu, vyote vya gari moja.

Gari lenyewe ni Noah ya mzee Machage, aliyoifungia injini ya kubadilisha ili apande milima kwa mbwembwe. Pampu ndogo inasukuma upepo kwenye kikopo, kikopo kinasukuma fimbo, fimbo inafungua njia ya hewa. Kikipasuka, Noah inapanda inakohoa, na mzee mzima anapitwa na bodaboda yenye mbuzi wawili. Sasa alikuwa na kikopo cha nne, cha mwisho dukani, akakileta kwa Boke shingo upande.

Shingo upande, maana Machage alikuwa baba mkwe wake. Joel, mume wa Boke, alifariki akamwachia spana na banda la gereji. Kiwanja kilikuwa cha mzee. Naye alishatamka mbele ya ukoo: mke wa Joel akiiponya Noah, kiwanja ni chake, akishindwa, afungashe. Ila kwa mila ya Wakurya, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani wala hawasemezani hovyo. Ikabidi maneno yapitie kwa Omondi, fundi pancha wa jirani, mtu wa kwenda mpakani Sirari mikono mitupu na kurudi na umbea.

Injini ikiwa inanguruma na boneti juu, mzee alikaa kwenye tairi bovu, mgongo kwa Boke na Omondi.

"Muulize huyo mke wa Joel ameweka ngapi."

"Shemeji, mzee anauliza umeweka ngapi," alisema Omondi, utadhani Boke ni kiziwi.

"Nane."

"Anasema nane, mzee."

"Nane? Hata kwa baiskeli haitoshi! Mwambie aongeze."

"Shemeji, si uongeze tu? Upepo ni upepo."

"Omondi, rudi kwenye pancha zako. Kichwa chenyewe kimejaa upepo wa bure."

Boke alizungusha taratibu skrubu ya regulata, ile inayopunguza na kuongeza upepo, jicho kwenye geji. Fimbo ikatoka kidogo, ikatulia. Safi kabisa. Akainama kuchukua spana ya kukazia nati.

Mzee uvumilivu ukamwishia. Alikuja mwenyewe, akaishika skrubu na kuizungusha. Boke aliruka nyuma, kama mila inavyotaka. Geji ikasoma kumi. Kumi na mbili. Fimbo ikaanza kutetemeka.

"Omondi, mwambie aache! Kinapasuka!"

Omondi alisimama mdomo wazi. Pumbavu! Siku zote anaropoka, leo ndiyo kameza ulimi. Kumi na nne.

Boke akamshika baba mkwe mkono. Aliubandua kwenye skrubu, akarudisha nane, akakaza nati, akafunga boneti. Mama Tabitha wa dagaa, jirani yake, alijifunika uso kwa khanga. Mzee aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye koti, mara mbili, tatu, kisha akaingia garini. Noah ikapanda kilima cha Nyamisangura bila kukohoa hata mara moja.

Kesho yake asubuhi Omondi alikuja, macho chini.

"Shemeji, mzee anasema gari linavuta ajabu. Kwa ule mkono, amechinja mbuzi wa kujitakasa."

"Na kiwanja?"

"Wazee wamekaa. Uhame kabla ya Jumapili."

Boke akakaa kwenye boksi la spana. Kagusa mkono wa mjinga mmoja, basi kapoteza kila kitu.

"Ameniambia pia nikuulize," Omondi akaongeza, "ile skrubu ikija kulegea, anairekebisha vipi?"

Boke alicheka, machozi yakimtoka. Aliinuka, akaanza kufunga spana za Joel kwenye gunia, moja moja.

"Mwambie aje aniulize mwenyewe."