Mikono ya Noreen

Mimi baiskeli sizipendi, niliseme mapema nisije nikasingiziwa. Mji wetu huu wa kisiwani ulichimbwa makaa ya mawe mpaka yakaisha, na sasa unaishi kwa baiskeli za milimani. Ukitoka kwenda kununua mkate unapishana na watu wazima na akili zao, wamejaa matope mpaka kwenye meno, wanacheka. Na katika wote hao, hakuna aliyemshinda kuchafuka dada yangu wa tumbo moja, Noreen Haluschak, dereva wa basi la shule, miaka sitini na moja.

Nusu ya mji huu amewapeleka shule yeye. Wengine wamekua, wamezaa, na watoto wao nao kawabeba. Akishaegesha basi jioni, anapanda msituni. Na si kuendesha tu. Njia za msituni huku hazichongwi na serikali, zinachongwa na waendeshaji wenyewe kwa sururu na makoleo, bure, mvua ikinyesha, na kila njia ina mlezi wake. Mlezi ndiye anayejua maji yanatuama wapi na jiwe gani limelegea. Njia ya Noreen inaitwa Sketi ya Bibi, na ameilea miaka kumi na tisa. Mwenzake wa kuchimba, Doug Sakamoto, anasema Noreen anaijua njia ile kuliko anavyomjua mumewe.

Mumewe ni Gareth, mtu wa Wales, aliyefika hapa akiwa na miaka thelathini na mbili, akaoa na asirudi. Mikono mipole, mdomo mzito. Goti lilimkatalia kuendesha zamani, kwa hiyo kazi yake ni kumtengenezea mkewe baiskeli bandani, redio ikiimba. Shemeji yangu huyu nampenda, ingawa nikimwambia ataanza kuvimba kichwa.

Jumamosi moja ya Septemba, Noreen na Doug walikuwa wanashuka Sketi ya Bibi. Katikati pana mwamba mmoja wa mteremko, mrefu kama paa la nyumba. Noreen kaushuka mara elfu. Siku hiyo, Doug anasema, gurudumu la mbele liligoma ghafla, likasimama tuli, na dada yangu akapitiliza juu ya usukani kama mtu aliyesukumwa. Mtulinga ulivunjika, mbavu tatu, na nyonga ikapata ufa. Watu wa uokoaji walimshusha kwa machela kwa muda wa saa mbili na nusu.

Nikafunga nyumba yangu nikahamia kwao. Nani mwingine? Gareth hata kumfunga mtu sidiria hajui, kufungua sijui. Nilimwogesha dada yangu, nikamkata nyama kwenye sahani, nikamsuka nywele kila asubuhi maana mkono haukunyanyuka. Tuliimba nyimbo za kanisani za utotoni tukikosea maneno. Alikuwa ananifukuza chumbani akilia kwa kicheko.

"Toka, Lorna! Mbavu! Unataka kuniua?"

"Ungetaka kuishi ungekaa chini kama wenzako wenye wajukuu."

"Sina mjukuu."

"Unaye njiani. Kunywa dawa."

Mifupa ilipona vizuri. Mwanzoni alitembea na fimbo, kisha akapanda ngazi, kisha akaanza kubinya mpira wa mazoezi huku anatazama mvua. Kilichokataa kupona kilikuwa kingine. Ilichukua wiki sita aniambie, nikiwa nyuma yake namsuka, hatutazamani.

"Nilishika ya nyuma," alisema.

"Ya nyuma nini?"

"Breki. Pale juu ya mwamba unashika ya nyuma, mkono wa kulia, kidogo tu. Nakumbuka kabisa kuwa nilishika kulia. Lakini Doug aliona gurudumu la mbele ndilo lililogoma. Na ya mbele ni kushoto. Nimeshika kushoto nikijua nimeshika kulia, Lorna. Mama alianza hivihivi."

Vidole vyangu vilisimama. Mama yetu alianza na viatu, cha kushoto mguu wa kulia, akiwa na miaka sitini na tatu. Tukacheka wote, na yeye akacheka. Miaka mitano baadaye aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, akanisifu kuwa nina adabu.

"Daktari amepiga picha kichwa chako. Kizima," nilimwambia.

"Na cha Mama walisema kizima."

Wiki hiyo hiyo akaandika barua kwamba hatarudi kwenye basi. Akasema hawezi kubeba watoto wa watu akiwa haijui mikono yake. Nililia bafuni, nikafungulia maji ili wasinisikie.

Sasa nisikilizeni aibu yangu. Mwishoni mwa Novemba nilikuwa nafuta vyombo, Noreen amelala mchana, Gareth akaja akasimama karibu na sinki. Akachukua kikombe kikavu akaanza kukifuta upya.

"Shemeji, ni mimi," akasema.

"Wewe ndiye nini?"

"Kwetu kule breki ya mbele iko mkono wa kulia. Huku ni kushoto. Ile Ijumaa kabla hajaanguka nilimfungia breki mpya. Miaka thelathini nafunga za huku, sijakosea hata mara moja. Siku ile nilikuwa nimechoka, nasikiliza redio, nikaiacha mikono ifanye yenyewe." Akakigeuza kikombe. "Ikafanya ya kwetu."

"Na hakugundua?"

"Kupanda mlima hushiki breki. Kule bondeni anazishika zote mbili pamoja. Pale mwambani ndipo mahali pa kwanza aliposhika moja peke yake. Doug alipoleta baiskeli nikaona. Nikazirudisha jioni ile ile, kabla mtu hajatazama."

"Umemwambia?"

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kikombe. Nilitaka kumpiga na sufuria, Mungu ananiona. Lakini hapo hapo, kabla hasira haijafika mwisho, wazo lingine likapita mbele yake. Asipojua, hatapanda tena. Atakaa hapa, atafuma, atanenepa, atakuwa hai.

"Kaa kimya," nikamwambia.

"Lorna, anadhani ana ugonjwa wa mama yenu."

"Utampeleka kule juu tena wewe? Safari hii tuokote nini? Funga mdomo wako, Gareth, kama ulivyoufunga miezi miwili."

Akaufunga. Mtu anayeogopa kusema akiamriwa kunyamaza ni kama ameletewa zawadi. Na mimi, tena ninasema wazi, nililala vizuri siku ile na siku zilizofuata.

Doug alikuja Desemba kuipokea njia, na keki za siagi alizooka mkewe. Desturi ya walezi ni kwamba anayeacha njia huitembea yote na anayepokea, hatua kwa hatua, akimwonyesha. Noreen alikataa kutembea. Alikaa mezani siku mbili akaichora Sketi ya Bibi kwenye karatasi tano, kila mfereji, kila mzizi, na maneno madogo madogo pembeni: hapa fagia majani kabla ya mvua kubwa, hapa usiguse, kuna viota. Hakukosea popote, Doug alisema. Nikamsikia nikiwa namimina kahawa. Mtu ambaye akili inamtoka anachora karatasi tano bila kukosea? Nilijua jibu. Nikaongeza sukari.

Kisha akaja mtoto. Brynn, binti yao, alivuka na feri kutoka bara akiwa na Maisie wa wiki tatu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, nywele zimesimama. Nyumba nzima ikawa ya maziwa na nepi. Gareth akambeba huku anamwimbia Kiwelshi. Mimi nikambeba. Nikamgeukia dada yangu.

"Haya bibi, zamu yako."

"Mshike wewe. Nina mafua."

Hakuwa na mafua. Mchana akasema bega linamuuma. Saa kumi akasema anaangalia chakula jikoni, na kitu pekee kilichokuwa jikoni ni pierogi, zile sambusa za kuchemsha za viazi, zilizokwisha kuiva. Brynn alivumilia mpaka hapo, kisha akambeba mwanawe akaenda kusimama mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama, umemchukia mtoto wangu?"

"Usiseme hivyo."

"Tangu asubuhi hujamgusa. Mfupa haujapona?"

"Umepona."

"Basi nini?"

"Nitamwangusha," Noreen akasema. "Nitadhani nimemshika, na nitakuwa sijamshika. Sijiamini, mwanangu. Mpe mama yako mdogo."

Nikamtazama vizuri. Alikuwa ameikalia mikono yake. Mwanamke aliyewavusha watoto wa mji mzima kwenye barafu miaka ishirini na sita, ameiweka mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani. Na nilichokifikiria ni kwamba huyu si mtu niliyemwokoa. Huyu mimi ndiye niliyemfunga kamba.

"Gareth," nikaita. "Sema, au nasema mimi."

Gareth akaweka chini kikombe. Akapiga goti lile bovu mbele ya mkewe, akasema yote: kwetu kulia, huku kushoto, Ijumaa, redio, nilizirudisha jioni ile. Alisema mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema kwa mwaka mzima. Alipomaliza, Noreen aliutoa mkono wa kulia chini ya paja akaukunja hewani, polepole, vidole viwili, kama anashika breki.

"Ya kulia ilikuwa ya mbele?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilishika kulia."

"Ulishika kulia, mpenzi. Mikono yako haikukosea. Yangu ndiyo iliyokosea."

"Nilisema! Nilisema nimeshika kulia!" Akaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi, hajali kamasi. "Miezi mitatu, Gareth! Miezi mitatu nimekaa hapa nahesabu ni lini nitakusahau jina! Nimeanza kuandika majina yenu kwenye kidaftari!"

Hakuna aliyejua habari za hicho kidaftari. Gareth aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti ya mkewe.

"Na wewe?" Noreen akanigeukia. "Wewe umejua lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Nilimwambia anyamaze. Nilitaka usipande tena. Nilitaka uwe hai, dada."

Maisie akapiga chafya, hakuna aliyecheka.

"Nilikuwa nakufa hapa hapa kwenye kiti, Lorna," Noreen akasema taratibu, "na wewe nyuma yangu unanisuka nywele."

Nilisema nisamehe, akasema subiri. Akajifuta uso kwa mikono yote miwili, akainyoosha mbele yake, viganja juu.

"Nyie wawili nitawashughulikia," akasema. "Brynn, lete mtoto."

Brynn alimweka. Noreen akakishika kichwa kwa mkono wa kushoto na makalio kwa wa kulia, akamsogeza kifuani, na mtoto akajikunja pale akalala kama aliyefika nyumbani. Mikono haikutetemeka. Alikaa naye hivyo mpaka giza la saa kumi na moja la majira ya baridi likaingia na pierogi zikapoa, anamnong'oneza mambo ya mizizi na mifereji, na kila mara anamwita jina lake, Maisie, Maisie, bila kukitazama kidaftari.

Mimi na Gareth hatukuruhusiwa kumbeba mpaka Jumapili.