Marahaba kutoka kwenye seva

Leo saa nane mchana marehemu ameitikia shikamoo yangu. Msicheke kwanza.

Ofisi yetu hapa Moshono inahifadhi rekodi za kwaya kwenye seva iliyoko mbali. Aliyetuunganisha nayo ni Mzee Anaeli, tuliyemzika kijijini kwao Akheri mwezi uliopita.

Mzee alikuwa mkali jamani. Bila ufunguo wako wa siri huingii. Ukishatuma mafaili lazima utoke kabisa kwenye seva, na hiyo yeye aliiita "kufunga mlango". Halafu ukiingia tu, unaandika shikamoo, naye anakuitikia kutoka kwake.

Leo nimeingia kutuma rekodi. Vidole vikaandika vyenyewe: "Shikamoo mzee."

Kioo cha kompyuta kikajibu: "Marahaba."

Nikaweka kikombe cha chai mezani.

Nikamwita dada Upendo, fundi wetu. Akachimbua humo ndani, akakuta kaprogramu kadogo kalikoandikwa na mzee mwenyewe. Ukiandika shikamoo, kanajibu marahaba. Basi. Hakana neno lingine.

Tulicheka mpaka machozi. Kumbe miaka yote nilikuwa naamkia programu!

Upendo akarudi mezani kwake. Mafaili yakaisha kwenda, nikabeba mkoba.

Nikiwa mlangoni, nikageuka tu kuangalia kioo. Kimeandika, kwa jina langu kabisa:

"Neema, hujafunga mlango."

Nimerudi, nimefunga.

Haya niambieni: kesho nikiingia niandike shikamoo, au nimpite mzee bila salamu?