Nailoni Haifichi Kicheko

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Mama Sponji anazima cherehani, anafagia vipande vya vitambaa na kuanza kupanga makochi ya wateja safu tatu, yote yamefunikwa nailoni. Nusu saa ijayo karakana hii ya makochi itageuka ukumbi wa vichekesho, na mchekeshaji ni yeye mwenyewe.

"Karibuni, kaeni!" anawapokea majirani. "Ila makochi ni ya watu. Ukicheka mpaka machozi, futia shati lako."

Jukwaa hakuna. Anapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, peku, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Ana miaka hamsini na moja na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Wamekuja watu kama thelathini, wakiwemo wauguzi wawili waliotoka zamu na muuza mkaa aliyenuna tangu mlangoni.

"Wapo wagumu kama yule," ananiambia mimi mwandishi, akimnyooshea kidole bila haya. "Wanabana kicheko. Lakini nailoni haifichi. Mtu akitikisika tu, inalia. Mimi nasikiliza nailoni, midomo siisikilizi."

Kwenye kochi la mbele kabisa amekaa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Miezi kumi na minne iliyopita kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na maneno. Karakana iliyokuwa ikitoa seti sita kwa mwezi sasa hutoa mbili, tatu zikizidi. Mama Sponji amejifunza kuvuta kitambaa na kugonga misumari mwenyewe, na vidole vyake vinaonyesha.

Zamani vichekesho vyote vilianzia kwa Fundi. Mke alisimulia, mume akagonga misumari na kumsahihisha.

"Nikisema mbuzi wawili, yeye anasema watatu. 'Uongo huo, haikuwa hivyo!' Alikuwa ananikera huyo!" anasema. "Siku hizi natamani anikere."

Daktari amewahakikishia kwamba Fundi anaelewa kila neno. Ila tangu augue hajacheka. Kila Jumamosi mkewe hutega sikio, na kochi la mbele huwa kimya. Watu wote anawapata, mume wake mwenyewe hampati, na hilo linamuuma.

Binti yao, ambaye ndiye anayemvalisha baba yake shati la Jumamosi, anadhani sababu anaijua.

"Mama alimtoa baba kwenye vichekesho vyote," anasema. "Nikamwambia, mama, baba ameugua, hajafa."

Mama Sponji habishi. "Niliogopa. Watu wakimcheka akiwa vile, si nitakuwa nimemvua nguo hadharani?"

Leo ameamua. Anaanza na habari za wateja wanaotaka kochi kubwa kuliko mlango, watu wanacheka. Kisha anamgeukia mumewe.

"Huyu bwana mnayemwona aliwahi kushonea simu yake ndani ya kochi, akalipeleka kwa mteja. Jioni namtafuta, napiga. Kumbe kule wamekuja wakwe! Mgeni anafungua kinywa aseme shida yake, kochi linaita. Vijana wote wanajipapasa mifukoni. Mzee aliyelikalia anainuka: 'Jamani, si mimi!' Napiga tena. Mara mbili! Mwishowe wakalipasua, akapokea mwanamke. Weee! Nikawaka: 'Mume wangu yuko wapi?' Masikini, akajibu: 'Dada, tumepasua kochi zima, hatujamkuta.'"

Watu wanaangua kicheko, kisha wanajizuia na kumtazama Fundi. Uso wake haujabadilika. Mama Sponji amesimama juu ya meza, tepu kaikamata kwa mikono miwili.

Nailoni ya mbele inalia.

Inalia mara moja, halafu haikomi. Bega la Fundi linatikisika, machozi yanamtiririka. Anainua mkono wa kushoto, vidole vitatu juu, na kuvisukuma hewani kwa hasira.

"Nini? Tatu nini?" mkewe anauliza.

"Mama, anasema simu iliita mara tatu!" binti anapaza sauti.

Mama Sponji anakaa pale pale juu ya meza na kulia mbele ya watu wote. Kisha anajifuta kwa kiganja.

"Haya bwana, mara tatu! Mmemwona? Hata kiharusi hakijamfundisha kumwachia mke neno la mwisho!"

Makochi yote yanalia kwa pamoja, la muuza mkaa likiwemo.

Watu wakishaondoka, anakunja nailoni taratibu huku Fundi akimtazama. Ana hadithi nyingi za mume wake, anasema, na zote zinarudi kuanzia Jumamosi ijayo. Anasogea karibu nami na kunong'ona.

"Na zote nitazikosea makusudi. Vidole vikimchosha, atanisahihisha kwa mdomo."