Mama alilala barabarani mbele ya gwaride letu Kakuma

Ejok wakuu, ndivyo tunavyosalimiana huku Turkana.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena nikaufuta. Leo nauacha ukae. Sina picha wala video, na hata ningekuwa nazo nisingeziweka hapa, ni watoto wa watu. Anayetaka kuamini aamini. Mimi nilikuwepo.

Mimi ni mwalimu, wanafunzi huniita Madam. Kwetu ni Vihiga, lakini Turkana nimekaa mpaka nikienda nyumbani Disemba nalala na masweta mawili na ndugu zangu wananicheka. Nafundisha History na CRE, yaani dini ya Kikristo, kwenye shule moja ya bweni hapa Lodwar. Jina la shule msiniulize, bado napenda mshahara wangu.

Shuleni tulianzisha kozi ya uongozi na uraia, ile ya mtindo wa kijeshi. Darasani wanafunzi wanasoma Katiba, haki na wajibu wa raia, huduma ya kwanza na namna ya kuongea mbele ya watu. Hayo yalikuwa masomo yangu. Jioni jua likipoa wanapiga gwaride, na huko kulikuwa na Afande.

Afande ni sajenti mstaafu, Mkamba mmoja mrefu. Staffroom ni mpole mpaka unamsahau kama yupo. Akiingia uwanjani sasa, sauti yake inakimbiza mbuzi wa majirani.

Na kozi ilifanya kazi, wakuu, tusidanganyane. Watoto waliokuwa wakisukumwa kwenda prep ya usiku walianza kufika kabla ya mwalimu. Vitanda vilitandikwa, viatu viling'aa na hili vumbi letu lote. Principal alikuwa akipita na wageni anawaonyesha kikosi kama mtu anayeonyesha gari jipya.

Walishonewa sare za kijani. Kisha fundi mmoja wa Nawoitorong, hapa hapa Lodwar, akawachongea bunduki za mbao, akazipaka rangi nyeusi na kuzifunga mikanda. Jamaa alifanya kazi safi. Ukisimama mbali kidogo, huwezi kujua kama ni mbao.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Afande alikuwa na zoezi lake. Kikosi kikiwa kinatembea, alikuwa anatuomba sisi walimu tupige kelele kutoka pembeni. "Halt!" "Simameni!" "Nyoka huyo!" Atakayesimama anatoka nje ya mstari na kupiga pushapu. Asiyetingishika anasifiwa mbele ya wote. Alikuwa akiwaambia, "Sauti ni moja tu, yangu. Nyingine zote ni upepo."

Tulilipenda hilo zoezi kuliko wanafunzi wenyewe. Hata mimi nilikuwa naacha kusahihisha vitabu niende kupiga kelele.

Ambaye hakuwahi kunaswa hata siku moja ni Majok.

Majok ni kijana wa Form Three, mtoto wa Kakuma, kambi ya wakimbizi. Mamake alitoka naye Sudan Kusini akiwa mgongoni, kwa hiyo yeye nchi yao haikumbuki kabisa. Amesoma kwa ufadhili mpaka kafika kwetu. Kijana mtulivu, hesabu anazila, Kiswahili chake kinachekesha lakini haoni haya kukitumia. Afande alimfanya kiongozi wa kikosi na akawa anatuambia, "Huyu ukimpa amri hakuulizi kwa nini."

Sisi tulidhani hiyo ni sifa.

Kozi ilipokaribia kuisha tukaanza kupanga siku ya kufunga. Akina Majok, wale wa kambini, walikuwa wachache kikosini, na wazazi wao walikuwa hawajawahi kuja shuleni. Mkimbizi hatoki kambini kama hana karatasi ya ruhusa, na hiyo karatasi haipatikani kwa kuitaka tu. Kwa hiyo tukasema, kama mama hawezi kuja Lodwar, Lodwar itamwendea. Tukafungie kozi Kakuma, kwenye ule uwanja wanaochezea mpira.

Lilikuwa wazo zuri, na bado nasema hivyo. Wanafunzi walipiga makofi mpaka tukawanyamazisha.

Tukakubaliana iwe surprise. Wazazi waliambiwa tu waje uwanjani, watoto wao wana kitu cha kuwaonyesha. Mambo ya sare na bunduki hatukuyataja. Hakuna hata mmoja wetu, na tulikuwa na digrii zetu pale mezani, aliyejiuliza watu wa Kakuma walikimbia nini.

Basi, siku ikafika. Bus ya shule ikatushusha mbali kidogo na uwanja, Afande akakipanga kikosi kipite barabara ya soko. Alitaka watu wawaone watoto. Wakaanza kutembea, buti chini kwa pamoja, bunduki mabegani, wanaimba. Majok mbele peke yake, shingo imenyooka. Mimi natembea pembeni na simu yangu, nachukua video, natabasamu kama bibi harusi.

Kitu cha kwanza nilichoona ni Msomali mmoja wa duka la nguo kuvuta mlango wake chini.

Nikadhani ni saa ya swala. Halafu duka la pili likafungwa. Mama Mkongo aliyekuwa anakaanga mandazi akaacha mafuta motoni, akamshika mtoto wake mkono na kuingia ndani. Watoto wadogo, ambao kila mahali duniani hukimbilia gwaride, walikuwa wanakimbia upande ule mwingine.

Nikateremsha simu. Wimbo wa kikosi ulikuwa unasikika peke yake soko zima.

Tulipokaribia uwanja nikawaona wale wazazi. Walikuwa wamevaa vizuri, mashuka yao ya rangi yamefungwa begani, wanatuangalia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja akatoka katikati yao anakimbia. Mwembamba, mrefu, kiatu kimoja kikamtoka njiani na hakukirudia. Alikuwa anaita, "Jena tai! Jena tai!" Hicho ni Kiarabu cha Juba, maana yake "mtoto wangu". Wanawake nyuma yake nao wanaita, "Mama Deng! Mama Deng!"

Alikimbia mpaka mbele ya kikosi, akalala chini. Alilala kabisa, ubavu kwenye vumbi, amekata barabara.

Huyo aliyekuwa mbele ya kikosi ni mwanawe.

Wakuu, Majok alimfikia mamake na hakusimama.

Hakumkanyaga, msinielewe vibaya. Alianza mark time. Kwa wasiojua, ni ile kutembea bila kwenda, mguu unapanda na kushuka palepale, mnangoja amri. Kikosi chote nyuma yake kikafanya vilevile. Buti zinapanda, zinashuka. Kichwa cha mamake kiko karibu na buti kiasi kwamba vumbi linamrukia machoni. Na Majok anaangalia mbele, juu, mbali. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, na miguu haipotezi mdundo.

Nilipiga kelele, "Majok, simama!" Nikapiga tena, "Squad, halt!" Hakuna aliyetingishika. Nilipiga kelele nikijua kabisa kwa nini hawasimami, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha kutonisikia.

Nikamgeukia Afande. Alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Nilimpiga kifuani kwa ngumi, mimi mwalimu wa CRE, ndipo sauti ikamtoka. "Squad... halt." Aliitoa kama mgonjwa.

Wakasimama. Majok akaanguka magotini, na ile bunduki ya mbao ikaanguka karibu na mamake. Yule mama alipoiona akaisukuma kwa mguu na kupiga ukelele ambao sitaki kuuelezea.

Hakukuwa na sherehe. Vyeti vilirudi Lodwar kwenye bahasha yake. Majok hakurudi nasi. Mamake alimshika shati akasema shule imekwisha.

Niliomba niende nyumbani kwao kabla ya kuondoka. Mtoto amebakiza mwaka mmoja afanye mtihani, kichwa kama kile, ningeondoka bila kusema kitu angepotea. Wakaniruhusu. Nyumba ya udongo na mabati, uani pamefagiliwa vizuri, miti michache ya mathenge ya kivuli. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Majok amesimama ukutani, bado ana zile sare.

Nilianza na maneno yangu ya kiofisi. Ni kozi tu, mama. Ni mbao tu, mama.

Akaniuliza, "Mwalimu, wewe najua kwa nini watu naita mimi Mama Deng?"

Nikasema sijui, mimi namjua Majok tu.

"Deng ni ndugu kubwa ya Majok. Alikuwa nasoma. Watu walikuja kwa shule, wakasema nafundisha watoto mazoezi. Walipatia wao fimbo ya mti, kama hii yenu. Watoto nafurahi. Mimi pia nafurahi, mtoto yangu natembea mzuri." Akanyoosha ukingo wa mkeka. "Halafu siku moja walipatia ya chuma."

Majok aliinua kichwa. Nilimwona usoni, na ilikuwa wazi hajawahi kuisikia hiyo habari. Baadaye aliniambia alikuzwa akijua Deng alikufa kwa malaria.

Mama akaendelea. Siku walipoondoka na Deng walipita barabarani kwa mstari, na yeye alisimama pembeni na wanawake wengine, analia. Miaka yote hii amekuwa akijilaumu kwamba alisimama. Kwao mtoto hamruki mamake aliyelala chini. Hata kwetu Vihiga ni mwiko, ukinyoosha miguu mtoto anazunguka. Akasema angelala barabarani siku ile, Deng asingemruka. Angebaki.

"Leo mimi nalala," akasema.

Nilikuwa nalia tayari, sioni haya kusema. Lakini mama halii. Akamgeukia Majok, na akatumia Kiswahili kusudi, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Yule mzee angesema nenda mbele, wewe ungekanyaga mimi?"

Wakuu, nilimwangalia yule mtoto nikingoja aseme hapana. Ni neno dogo sana. Kila mtoto duniani analo.

Majok hakusema kitu.

Alifungua mdomo, akaufunga. Akaangalia mikono yake. Nikaelewa kwamba hakuwa anakataa kujibu, alikuwa anatafuta jibu la kweli na halioni. Nimezika baba, nimeona ukame wa huku ng'ombe wakianguka mmoja mmoja, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka na kile kimya. Mama alitikisa kichwa kidogo, akaniambia niende, bus inaningoja.

Shuleni hali ilikuwa kama matanga. Afande aliomba mwenyewe bunduki za mbao ziondolewe, na lile zoezi la kelele hajalirudia. Mwanzoni nilimkasirikia sana. Sasa hatuongei sana, lakini tunakaliana karibu wakati wa chai. Kozi bado ipo, gwaride bado lipo, ila kwangu darasani nimeongeza somo la amri ambayo raia hapaswi kuitii. Principal hakulifurahia na mimi sikumwomba afurahi.

Kuhusu Majok, nilipiga simu kwa jirani yao wiki baada ya wiki. Jibu lilikuwa moja, mama hataki. Muhula ukafunguliwa bila yeye. Kitanda chake nilikataa kipewe mtu mwingine, matron akanichukia.

Halafu asubuhi moja nikamkuta getini na sanduku lake. Amekonda. Nilimkumbatia mbele ya mlinzi, kanuni za kazi zikaenda zao.

Nikamuuliza mama amekubali vipi. Akasema, "Madam, nilimwambia hapana. Nilimwambia, mama, hata angesema nani, singekukanyaga."

Nikamwambia, si umeona, neno lenyewe ni hilo tu.

Akasema, "Hakuamini. Alisema nimechelewa. Alisema, nenda shule, soma, na ukimaliza rudi nitakuuliza tena."

Akachukua sanduku lake akaenda bwenini.

Nilichojifunza ni kwamba nidhamu ni rahisi kuifundisha, na inapendeza machoni, ndiyo maana tunadanganyika nayo. Mtoto asiyeuliza kwa nini si kiongozi bado. Na unapompelekea mtu zawadi ya kumshtua, jua kwanza yeye alishtuliwa na nini huko nyuma.

Walimu, wazazi, na nyinyi mliopitia jeshi na NYS, njooni mseme, hata kunitukana ruksa. Mama yule angekuwa mamako, na amri ndiyo imetoka, ungejibu haraka kiasi gani?