Kisiwa cha Masika Katika Mbuga ya Mkata

Mpishi wa vibarua wa barabara aliugua homa, na ndiyo sababu mimi na mama tulilala usiku mmoja kisiwani, ndani ya hifadhi ya Mikumi. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa mwaka uliotangulia, na baba alikuwa amepata kibarua cha kufyeka njia za hifadhi. Masika ilipojaza maji katika mbuga ya Mkata, mwinuko mmoja wenye miti michache ulibaki mkavu. Vibarua wakauita kisiwa, wakapiga mahema yao huko.

"Mama watoto," baba alisema, "kesho twende ukatupikie. Msimamizi amekubali."

"Kwa tembo?" mama akauliza. "Wale walionimalizia mahindi? Nao niwapikie?"

Hata hivyo alifunga unga na kunde kwenye khanga. Tulivuka maji yakiwa chini ya magoti yangu. Jioni alisonga ugali, na vibarua wanne wakala, kisha wakamshukuru mmoja mmoja. Mama akainamisha uso, akaanza kukusanya sahani. Nyumbani hatukuwa na desturi ya kumshukuru aliyepika. Niliona haya kidogo.

Usiku mvua ilipiga turubai kwa nguvu, na kiboko akawa anakoroma huko majini. Mama akanivuta karibu, akanifunika.

Alfajiri aliniamsha kwa kunibana mkono. Tembo walikuwa wakivuka maji mbele yetu, wakubwa watano na mtoto mmoja. Mtoto akateleza, akazama mpaka masikioni. Mama yake akageuka, akamsukuma kwa mkonga, akangoja, akamsukuma tena. Mama yangu alikuwa amemzika mdogo wangu miezi michache nyuma, na tangu mazishi sikuwa nimemwona akitoa chozi. Pale alilia, bila sauti, mpaka yule mtoto aliposimama ng'ambo akitikisa masikio.

"Amefika," alisema. Baba, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akamwekea mkono begani.

Wakati wa kurudi, maji yalikuwa yamepanda mpaka kiunoni mwa mtu mzima. Msimamizi akanibeba mabegani. Baba akachuchumaa mbele ya mama.

"Panda."

"Mbele za watu, baba watoto?"

"Mbele za watu."

Akapanda. Katikati ya maji baba akayumba, mama akamkaba shingo na kupiga kelele, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi vibarua nao wakacheka, na baba, aliyekuwa hapati pumzi, akawa anamwambia, "Nyamaza basi, utatuangusha!"

Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Wajukuu wao wakiniuliza walikuwa watu wa namna gani, huwaeleza habari za asubuhi ile, na kila ninapoeleza namshukuru Mungu kwamba nilikuwapo nikaona.