Kumi na Tano kwa Mbili

Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati hoteli za Diani zilipokuwa zimebaki na wahudumu wengi kuliko wageni, nilipelekwa mafunzo ya siku tano ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, nina miaka thelathini na minne na watoto wawili, na sikuwa nimeomba kwenda. Matroni wetu alisema hospitali inatakiwa kutoa mtu mmoja atakayerudi kuwafundisha wengine, na kwamba mimi nina sauti inayosikika hadi nyuma. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa.

Tulifundishwa katika ukumbi wa hoteli moja iliyokosa watu. Zulia lilinuka unyevu. Daktari mgeni aliyetufundisha alikuwa mpole, hakuchoka kurudia. Alitupigisha magoti kando ya sanamu ya mpira, kichwa na kiwiliwili bila miguu, tukasukuma kidari mara kumi na tano, tukapuliza pumzi mbili, tena kumi na tano, tena mbili. Alituonyesha mashine ya kuushtua moyo kwa umeme na namna ya kuipaka mafuta yake kabla ya kuiweka kifuani. Siku ya mwisho aliifunga mashine hiyo katika sanduku lake akaondoka nayo. Sisi tuliachiwa sanamu, mpira wa kupulizia hewa na karatasi za maelezo zilizofunikwa plastiki.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuzunguka. Kila wiki ya pili nilitoka na Landrova ya hospitali kwenda kuwafundisha wauguzi wa zahanati za ndani, na dereva wangu alikuwa mzee mmoja wa Kidigo, mwenyeji wa Mkongani, aliyekuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Mbele ya watu aliniita sista. Tukiwa wawili garini aliniita mwanangu, na mimi nikamwita baba, kwa sababu alikuwa na umri wa babangu na hakuna jina jingine lililonijia.

Ile sanamu hakuipenda. Mara ya kwanza tulipoibeba, askari wa kizuizi cha barabarani alichungulia nyuma, akaona uso umelala kwenye kiti, akatuamuru tushuke. Tangu siku hiyo mzee aliifunika leso ya mkewe kila tuliposafiri, akaifunga kwa kamba ili isigeuke kwenye mashimo. Pia hakupenda neno nililolitumia. Nilizoea kusema nawafundisha watu kufufua. Alinisikiliza safari mbili bila kusema kitu. Safari ya tatu alipunguza mwendo, akaniambia kwa upole kwamba kufufua si kazi ya mwanadamu, na kwamba ningesema kuhuisha, au kusaidia tu, watu wa huku wangenisikiliza vizuri zaidi. Nikabadilisha. Alikuwa amesema kweli. Darasani waliacha kutazamana nilipoanza kuzungumza.

Alikaa nyuma ya kila darasa. Nadhani mwanzoni alikwepa jua tu, lakini baada ya miezi mitatu alijua ile hesabu ya kumi na tano kwa mbili kuliko baadhi ya wauguzi. Muuguzi akikunja viwiko wakati wa kusukuma, mzee aliniangalia, kisha akatazama chini, ili nijue ameona.

Siku ninayoisimulia tulikwenda Lunga Lunga, karibu na mpaka wa Tanzania. Shule zilikuwa zimefungwa, tukapewa darasa moja la shule ya msingi, lenye madawati ya watoto na hesabu za kugawanya zilizosalia ubaoni. Asubuhi, tulipokuwa tukipakia vitu hospitalini, mzee aliniambia kidari kimembana tangu alfajiri. Alidhani ni mihogo ya kukaanga aliyokula usiku. Nilitoa vidonge vya kiungulia katika mkoba wangu, nikampa viwili. Akavitafuna, akashukuru, akaendesha.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wote wauguzi isipokuwa afisa mmoja wa kliniki, kijana wa bara aliyeajiriwa mwaka ule. Nilifuta hesabu za watoto nikaandika dalili za moyo unaotaka kusimama. Niliandika kwa mkono wangu: kidari kubana, maumivu kushuka mkono wa kushoto, jasho, kichefuchefu. Nilisoma kila moja kwa sauti. Mzee alikuwa ameketi kwenye dawati la mwisho, magoti yamemjia kifuani kwa udogo wa kiti. Sijui alikuwa akisoma nini pale ubaoni. Nimejiuliza. Wakati ule sikujiuliza, nilikuwa natafuta chaki ndefu zaidi.

Aliinuka akaelekea mlangoni. Nilidhani anakwenda kununua soda. Alishika fremu ya mlango, akasimama hivyo kidogo, kisha akaanguka upande, nusu ndani, nusu nje.

Muuguzi mmoja alibaki amekaa na daftari lake. Baadaye aliniambia alidhani ni sehemu ya somo, kwamba tumepanga na dereva aanguke. Wengine waliinuka waliponiona nakimbia. Nilimgeuza chali, nikamwita, nikasikiliza pumzi, nikatafuta mshipa wa shingo kama nilivyofundishwa. Hakukuwa na kitu. Nikaweka mikono kidarini mwake nikaanza.

Yule afisa wa kliniki aliuchukua mpira wa hewa ubavuni mwa sanamu akapiga magoti kichwani kwa mzee. Mimi nilihesabu kwa sauti ile ile aliyoisifu matroni. Katika mzunguko wa pili nilihisi mbavu zikilia chini ya kiganja. Daktari mgeni alikuwa ametuambia itatokea, na kwamba tusisimame. Sikusimama. Nilipochoka muuguzi mwingine aliingia mahali pangu, na nilimwambia anyooshe viwiko, akanyoosha. Walifanya sawasawa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu wengine wao waliondoka siku ile wakidhani walikosea. Hakuna aliyekosea. Tuliyatenda yote yaliyokuwa kwenye karatasi, isipokuwa yale yaliyohitaji mashine, na dawa iliyokuwemo katika sanduku letu la dharura tuliimaliza.

Ilibidi tumpeleke hospitali, na hapo ndipo tulipotazama Landrova. Mtu wa kuiendesha alikuwa ndiye aliyelala chini. Mmoja wa wauguzi alikimbia hadi mpakani, kwenye foleni ya malori, akarudi na dereva wa lori, mtu mnene aliyevaa kandambili. Hakuuliza mengi. Alitazama gari, akaniambia, "Madam, hii naijua. Mpandishe."

Tulimlaza nyuma juu ya ubao wa kiti. Sanamu tuliiacha pale darasani. Barabara ni ya lami lakini ina mashimo, na kila shimo lilinitupa juu ya mzee au mbali naye. Nilisukuma nikiwa nimekaza mguu kwenye mlango. Afisa wa kliniki alikuwa amepiga magoti kichwani, akifinya mpira wa hewa. Tulibadilishana, tukabadilishana tena. Nilitazama saa yangu. Tangu aanguke ilikuwa imepita karibu saa nzima. Nilimulika macho yake kwa tochi ndogo, mboni hazikusinyaa. Nikamulika tena, nikijua.

Yule kijana alikuwa analia bila kuacha kufinya. Alisema, "Sista, mimi siwezi kusema tuache. Wewe ndiwe mwalimu."

Tulikuwa kwenye mikorosho, bado safari ya robo saa. Niliondoa mikono yangu. Niligonga kioo kilicho nyuma ya dereva, nikamwambia yule dereva, "Punguza mwendo. Hakuna haraka tena."

Alipunguza. Hakugeuka. Aliendesha polepole sana mpaka mwisho, akizunguka kila shimo, kama aliyebeba mtu aliyelala. Tulipofika alizima gari, akanipa ufunguo mkononi, akauliza magari ya kurudi Lunga Lunga yanapatikana wapi, kwa sababu lori lake lilikuwa limeachwa kwenye foleni. Sikumwuliza jina wala sikumwona tena.

Daktari wa zamu alimpima mzee akaandika saa ya kufa. Nilijaza fomu. Nilimfumba macho, nikamnyoosha, nikasema maneno tunayoyasema Waislamu. Kisha niliosha mikono nikaenda kantini ya wafanyakazi, nikala chapati mbili na maharagwe. Nakumbuka yalikuwa yamezidi chumvi. Magoti yangu yalikuwa yamechubuka kwa saruji ya darasani na damu imekauka kwenye soksi, na sikuwa nimehisi. Mtu aliniambia pole, nikajibu nimeshapoa.

Alizikwa Mkongani siku iliyofuata. Siku ya tatu nilikwenda kumpa mkono wa pole mjane wake. Nilimkuta chumbani, amekaa juu ya mkeka na wanawake wawili wa ukoo, amejifunika nguo nyeupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniwekea nafasi kando yake. Wale wanawake walitoka kidogo, sijui kama aliwapa ishara.

Alitaka kujua asubuhi ile mumewe alisema nini. Ningeweza kumwambia alisema safari njema, au lolote. Nilimwambia alisema kidari kinabana, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kufundisha maana ya maneno hayo, nilimpa vidonge vya kiungulia.

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Mimi alinambia tangu Jumapili," akasema. "Nikampikia chai ya tangawizi."

Nilimwambia yeye hakuweza kujua. Alisema basi na mimi sikuweza. Nikasema mimi niliweza. Akanitazama, akasema, "Haya. Tulikuwa wawili, na yeye mwenyewe wa tatu." Baadaye aliniuliza kama kule kumsukuma kulimuumiza. Nilijibu hapana, hakuwa anahisi. Alitaka nimwapie, nikamwapia. Nilikaa mpaka adhuhuri. Machozi hayakuja, na niliona aibu kwa hilo, nikafikiri atadhani sikumpenda mumewe.

Matroni aliniita ofisini wiki ile. Alikuwa amepanga kuahirisha safari yangu iliyofuata, ya kwenda kufundisha Kikoneni. Nikamwambia asiahirishe. Sio kwamba nilikuwa na ujasiri. Sikuona tofauti kati ya kwenda na kubaki. Nilipewa dereva mpya, mtu asiyependa mazungumzo, na sanamu ililetwa kutoka Lunga Lunga na basi, imefungwa kwenye gunia.

Nilichokiogopa ni kwamba nitapiga magoti nishindwe. Sikushindwa. Niliweka mikono kwenye kidari cha sanamu, nikasukuma, sauti yangu ikatoka kama kawaida, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Muuguzi mmoja mzee wa Kikoneni aliniuliza kama nimewahi kumfanyia mtu halisi. Nilisema ndiyo. Akauliza kama aliamka. Nilisema hapana. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu kule hotelini: nani anasema basi, na anasemaje. Niliwaambia anayesema ni yule anayeongoza, na kwamba asiwaachie vijana. Aseme kwa sauti, ataje saa, kisha aondoe mikono yeye kwanza. Waliandika. Tangu siku ile nililiweka somo hilo mwishoni mwa kila darasa, na katika lile la dalili niliongeza maneno ambayo watu wetu huyatumia kweli: gesi, kiungulia, mihogo ya jana.

Kwa miezi mingi niliendelea kuhesabu. Nikikuna nazi, nikifua, nikipanda ngazi za wodi, kumi na tano, mbili. Mume wangu alinisikia nikihesabu usingizini akanishauri niombe likizo. Nilichukua wiki mbili, nikazitumia kupaka chokaa kuta za nyumba, na niliporudi kazini nilikuwa vile vile. Sikulala vibaya. Nilikula. Watu walisema nimevumilia vizuri. Nilifundisha mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi, kisha nikaomba kuhamishiwa wodi ya wazazi, wakanikubalia.

Yule afisa wa kliniki nilikutana naye sokoni Ukunda nikiwa nimeshahama. Alikuwa amenenepa kidogo na amefuga ndevu. Aliniamkia kwa heshima, kisha akaniambia haraka haraka, akichanganya Kiswahili na Kiingereza chake, kwamba kwenye zahanati yake waliletewa fundi aliyepigwa na umeme juu ya paa. Hakuwa na pumzi. Yeye na muuguzi mmoja walimsukuma, dakika sita au saba, na yule mtu akakohoa. Wiki ya pili alitembea kwenda kwake.

Nilimuuliza kama yule fundi aliungua sana. Akasema viganja tu. Nilimwambia wamefanya vizuri, nikamwomba amsalimie huyo muuguzi. Alikuwa anangoja niseme jambo zaidi, nami nililitafuta sikuliona. Aliaga. Nilinunua vitunguu na bamia, nikasimama pale kwenye meza ya mchuuzi mpaka akaniuliza kama nataka kitu kingine.